Milimita Tatu Nilizoficha

Mdogo wangu Aber, kabla hujalichukua daftari la vipimo la klabu yetu ya sayansi, kuna siku moja lazima nikusimulie. Usicheke. Nimekupita miaka miwili tu, lakini kwa jambo hili mimi ni mzee wako.

Tulikuwa tunabuni darubini ya anga za juu, ya kupima mahali hasa nyota zilipo. Inatazama pande mbili kwa pamoja, kwa vioo viwili vilivyofungwa kwenye fremu moja. Pembe kati ya vioo ikibadilika hata kidogo, kila nyota unaiandika mahali pasipo pake. Kwenye mfano wetu tulimulika leza kwenye vioo, nukta mbili zikatua ukutani, nami nikapima umbali kati yake. Asubuhi, sawa. Jua la mchana lilipoipasha fremu joto upande mmoja, nukta moja ikasogea milimita tatu.

Nikaandika sifuri. Okello, kapteni wetu, alikuwa ameshatangazia darasa zima kwamba fremu yetu ya alumini ni nyepesi, ndiyo itatupa ushindi. Na mimi kumpinga mtu mbele ya watu, unanijua.

Jumapili, majaji wa mashindano ya shule wakiwa wanakuja kesho yake, nilikwenda kwa Babu, kule Naguru. Babu alikuwa polisi, akifundisha shabaha. Aliuliza tu mradi unaendeleaje, nikajikuta nimemwambia yote. Hakupandisha sauti.

"Bunduki ikipiga pembeni, mimi naandika pembeni, hata kama ni ya afande mkubwa. Nikimdanganya, kesho anaenda nayo kazini. Sasa wewe, wenzako unawapeleka wapi?"

Nikampigia Okello palepale, Babu ananitazama. Nikamwambia nukta ilisogea milimita tatu. Akasema: "Banange, jamani, Lamaro. Majaji ni kesho, wewe unasema leo?" Akakata simu. Usiku huo sikujua kama bado nina rafiki.

Asubuhi, mbele ya majaji, alinisogezea chaki. "Sifuri yako, ieleze mwenyewe."

Nilieleza: joto, alumini inayotanuka, milimita tatu. Ushindi ulikwenda shule nyingine. Okello alinikwepa wiki nzima, kisha akaja na kipande cha kigae, kitu kisichotanuka sana kwa joto, akakiweka mezani pangu. "Pima na hiki."

Kwa hiyo, mdogo wangu, andika unachokiona, si anachotaka kapteni. Ukiwa na shaka, pima tena. Ukiogopa kuongea, basi mwonyeshe hata mtu mmoja ule ukurasa, siku hiyohiyo. Mungu akutunze, akupe watu wa kukusikiliza hata unaponong'ona.