Sakafu ya Sinema Huteremka

Ghala alilopanga shemeji yangu mjini Arua, upande wa Awindiri, zamani lilikuwa sinema. Wapangaji wengi hawajui. Ukuta mweupe wa picha umepakwa rangi ya kijani, viti viliuzwa, na sasa humo mna magunia ya maharagwe kutoka Ajia.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, magunia ya mbele yalilowa. Shemeji alimwita fundi wa paa, ambaye alipanda, akashuka akisema mabati ni mazima, maji yanapita chini ya mlango wa pembeni. Shemeji akaamua kuhama kabla mzigo wote haujaoza, ingawa hakuwa na pengine pa kuuweka.

Nilimwambia asihame. Sakafu ile naijua. Nilikulia Koboko, ambako video ilionyeshwa katika kibanda chenye sakafu tambarare, na kila onyesho lilianza kwa ugomvi wa vichwa. Watoto wa askari walikuwa warefu. Waliokaa nyuma yao waliwaamuru wakae chini kabisa, nao wakajibu kwamba urefu hawakuununua dukani. Nilipoingia sinema ya Arua mara ya kwanza, nilishangaa kwamba hakuna aliyegombana. Wakati wa mapumziko nilitembea kutoka safu ya nyuma hadi ukutani, na magoti yakaniambia sababu: sakafu iliteremka, kwa hiyo kila safu iliona juu ya ile iliyo mbele yake.

Shemeji alinisikiliza, mikono kiunoni.

"Shemeji, watu walilipa kuona sinema, wewe ukaona sakafu?"

"Niliona vyote viwili."

"Haya. Hiyo maji itaenda wapi?"

"Kwa watu wa viti vya bei rahisi."

Tulihamishia magunia nyuma, palipokuwa na viti vya wakubwa, tukayapanga juu ya mbao. Wapagazi walinung'unika kwamba hawajawahi kupanda mlima ndani ya nyumba.

Mvua iliyofuata ilinyesha mchana. Tulisimama nyuma tukitazama. Maji yaliingia, yakateremka polepole, yakatuama chini ya ukuta wa kijani. Shemeji alitia mkono katika gunia la chini kabisa, akatoa maharagwe, akayasugua kiganjani. Yalikuwa makavu. Akamwagiza fundi atoboe tundu chini ya ukuta ule, maji yapate njia ya kutoka, kisha akawapigia simu wakulima wake walete mzigo uliobaki.