Zaburi Tuliyoiweka Kando

Lori lililokuja kuchukua mgambo wa kwenda vitani lilisimama mbele ya ofisi ya kijiji, injini ikiunguruma, na dereva hakutaka kusubiri. Kaka yangu alikuwa amevaa shati la marehemu baba na viatu vya kuazima. Mama alimshika mkono tu. Aliyesema ni jirani yetu, ambaye mwanawe alikuwa amekwisha kupanda na anampa kaka mkono amvute juu. Jirani alitoa kitabu kidogo cha Agano Jipya na Zaburi, akamtupia mwanawe.

"Ni cha wote wawili," alisema. "Kila jioni someni Zaburi ya tisini na moja. Na sisi huku tutasoma hiyo hiyo, jua likizama."

Mama akaitikia kwa kichwa. Lori likaondoka. Njiani alirudia ile namba kwa Kihangaza, lugha yetu, kama mtu aliyetumwa dukani asije akasahau, na tulipofika nyumbani akaniambia nitoe kitabu.

Lazima nieleze habari ya vitabu. Katika kijiji chetu, upande wa Runazi, nyumba zilipangwa kwa mistari kama madawati ya shule, na mtu hakuchagua jirani. Kabla ya operesheni ya vijiji tulikaa mbali, katikati ya migomba yetu, Wakatoliki kwa Wakatoliki, kwani baba na mama walitoka Ngara pamoja na ndugu zao. Kijijini tuliwekwa ukuta kwa ukuta na familia ya Kiprotestanti, Wasubi wa Biharamulo hapo hapo. Mama na yule jirani walizoeana upesi. Viberiti vilikuwa havipatikani, basi aliyeamka na moto alimpa mwenzake kaa. Mimi nilimwita mama mkubwa. Yeye alisomea misheni na alikuwa na Biblia nzima, nyeusi, nzito. Sisi tulikuwa na kitabu cha Zaburi cha Kikatoliki alichotuachia baba, aliyekuwa katekista. Mama hakujua kusoma. Msomaji wa nyumba nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, lakini ninasoma polepole, na mbele ya watu sauti yangu hupotea. Shuleni walinicheka kwa hilo. Kwa mama sikuona haya. Mafuta ya taa hayakuwapo, hivyo tulisoma nje, mlangoni, mwanga ukiwa bado upo. Nilisoma mstari kwa Kiswahili, kisha nikaugeuza kwa Kihangaza, na mama akaurudia.

Zaburi ya tisini na moja katika kitabu chetu ni ya shukrani. Inasema ni vema kumshukuru Mungu asubuhi na usiku, na kwamba mwenye haki atastawi kama mtende na kuzaa matunda hata uzeeni. Mama aliuliza mtende ni mti gani. Nikasema sijauona. Siku za kwanza alisikiliza bila shida. Baadaye akaanza kukunja uso.

"Mbona tunashukuru tu?" aliniuliza jioni moja. "Tumepewa nini?"

Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa. Akakubali, maana kwake kilichoandikwa kilikuwa kimeandikwa.

Habari za vita tulizipata kwenye redio ya duka la ushirika. Tulisikia majeshi yetu yamevuka mto, tukasikia yanasonga mbele, lakini redio haikutaja mtoto wa mtu. Nyumba moja ya mstari wa nyuma ililetewa habari na mwenyekiti wa kijiji, na tulisikia kilio kabla hatujajua ni nyumba ipi. Tangu siku hiyo kila mwenyekiti alipopita njia yetu, mama aliacha kazi aliyokuwa nayo mikononi mpaka amwone amekwisha kupita.

Basi siku moja mama na jirani walikuwa wanamenya mihogo pamoja, na mimi ninaianika. Jirani alikuwa akisema zaburi yake kwa kichwa, bila kitabu, kama mtu anayeimba kazini. Alitaja mbawa zinazomfunika mtu, na ngao. Alitaja mshale urukao mchana. Alisema watu elfu wataanguka ubavuni pake, lakini yeye mabaya hayatampata.

Mama akaweka kisu chini. "Hiyo ni ipi?"

"Si ile ile yetu? Tisini na moja."

Mama alinyanyuka, akanishika mkono mpaka ndani, akanipa kitabu. Nikasoma. Mtende, shukrani, matunda ya uzeeni. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena, sauti ikitetemeka, na kadiri ilivyotetemeka ndivyo alivyozidi kuamini kwamba ninamdanganya.

"Umekuwa unanisomea nini siku zote hizi?"

"Tisini na moja, mama."

"Mwenzangu anamwombea mwanawe ngao. Wewe umenishukurisha."

Ndipo nilipofahamu hofu yake. Kwetu mtu hashukuru kitu kabla hakijafika mkononi. Pombe ikiwa bado iko kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi, hatuisifu. Mtoto aliye safarini, hatumshukuru Mungu kwa kurudi kwake, maana ni kama kumwambia kwamba tumekwisha kupokea, hana haja ya kuleta tena. Mama alihesabu moyoni jioni zote alizokaa mlangoni akishukuru kwa mwana ambaye hajarudi. Hakula siku ile. Kesho yake pia alisukuma sahani kando.

Alipopata nguvu ya kusema, alikwenda kwa jirani, na maneno yakaharibika. Jirani alisema taratibu kwamba labda kitabu chetu kimekosewa. Mama akajibu kwamba kitabu cha marehemu mumewe hakijakosewa, na kwamba Waprotestanti ndio wanaojulikana kwa kukata Biblia na kutupa vitabu vizima.

"Sisi tumekata?" jirani akasema. "Ninyi mmeongeza, halafu hata kuhesabu kumewashinda."

"Tumeshindwa kuhesabu, lakini hatumtumii Mungu kumshinda jirani."

Asubuhi iliyofuata jivu letu lilikuwa baridi, na mama hakwenda kuomba kaa. Alinituma mstari wa tatu, kwa watu ambao hatukuwa na mazoea nao, nikarudi na kaa lililokwisha kuzimika. Jioni hatukusoma kitu. Mama aliangalia jua likizama, akaingia ndani kabla halijaisha. Aliona hatari zote mbili: akisoma, anashukuru; asiposoma, kaka yangu anasoma peke yake huko aliko.

Mimi nilijua sijasoma vibaya. Lakini kujua hakukunisaidia, kwa sababu kulikuwa na vitabu viwili, namba moja, na maneno tofauti. Jumapili, mama alipokwenda kwa wagonjwa, nilisimama nje ya mlango wa jirani muda mrefu. Alinikuta hapo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umetumwa, au umejituma?"

Nikasema nimejituma, naomba kuona kitabu. Nilidhani atanifukuza. Akatandika kanga juu ya mkeka, akaweka Biblia yake, na mimi nikaweka kitabu cha baba pembeni yake. Hakuniuliza tena kitu. Alikaa akichambua maharage na kuniacha.

Nilianza na zaburi ya mchungaji, kwa sababu hiyo naijua bila kusoma. Kwetu ilikuwa ya ishirini na mbili. Kwao ilikuwa ya ishirini na tatu. Maneno hayakuwa sawasawa: palipokuwa na neno la pwani katika kitabu chao, ambalo sikulijua, chetu kiliweka neno la kawaida, na pengine kinyume chake. Lakini ilikuwa zaburi moja, kama mtu mmoja aliyebadili shati. Nikarudi mwanzo, nikaenda moja moja, kidole kwenye kila kitabu. Ya kwanza ilikuwa sawa. Ya tano sawa. Ya nane sawa. Ya tisa kwetu ilikuwa ndefu mno, na nilipoifuata mpaka mwisho niliona kwamba katika kitabu cha jirani imegawanywa mbili, ya tisa na ya kumi. Kuanzia hapo wao walikuwa mbele yetu kwa moja.

Nikafungua yetu ya tisini. Mbawa zilikuwepo. Mshale wa mchana ulikuwepo. Kitabu chao kilisema tauni, chetu kilisema maradhi. Na wale elfu walikuwa wanaanguka ubavuni katika vyote viwili.

Nilimwonyesha jirani. Alisoma yetu kwa sauti ndogo, kisha yake, kisha yetu tena. Akafungua pia zaburi yake ya tisini na mbili, akaukuta mtende.

"Hakuna aliyekata," alisema. "Nenda kamwite mama yako. Hapana, ngoja. Nitakwenda mwenyewe."

Alikuja na vitabu vyote viwili na, juu ya kigae, kaa la moto. Niliambiwa nieleze mimi. Nilieleza nikitazama miguu yangu, na nilipofika kwenye ile ya tisa iliyogawanywa nilikwama, jirani akasubiri, mama akasubiri, nikamaliza. Mama aliuliza jambo moja tu.

"Mwanangu huko anasoma ipi?"

"Ya ngao," jirani akamwambia. "Kitabu walichonacho ni cha kwetu."

Mama akashusha pumzi. Kisha akasema ile ya shukrani tuiweke kando, isisomwe kabisa mpaka kaka atakaporudi, na Mungu atusamehe haraka zetu. Jioni hiyo nilisoma ya tisini. Nilipofika kwa wale elfu wanaoanguka, mama alinisimamisha.

"Hao wanaoanguka ni watoto wa nani?"

Ukutani, upande wa pili, sauti ya jirani ilikuwa imefika mahali hapo hapo.

Redio ilipotangaza kwamba vita vimekwisha, hakuna aliyetuambia lini watu watarudi. Walirudi wachache wachache. Kaka yangu alishushwa barabarani akichechemea, mguu umefungwa, amekonda hata shati la baba likawa kubwa. Mama alimpapasa uso, mabega, mguu. Jirani alitoka, akamsalimu vizuri, akamkaribisha nyumbani, ndipo akauliza.

Kaka alisema walitenganishwa alipoumia mguu. Yeye alirudishwa nyuma, mwenzake akaendelea mbele. "Kitabu nilimwachia yeye," alisema. "Anacho."

"Anacho," jirani akarudia, akarudi kwake.

Jioni nililetewa kitabu cha baba. Nilikwisha kufungua mahali pa mtende, kwa maana ndiyo siku tuliyoingoja. Mama akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Bado," alisema.

Kaka akamwuliza bado nini, naye si huyu hapa amekaa. Mama alielekeza mdomo kwenye ukuta wa jirani.

Nikageuza karatasi moja nyuma nikasoma ya tisini, na kaka yangu akaisikiliza, mguu wake umenyooshwa mkekani. Kwa wale elfu niliteremsha sauti. Tumeendelea hivyo kila jioni. Mwenyekiti akipita, mama na jirani wote wawili huacha kazi na kumtazama mpaka apite. Ile ya mtende sijaisoma tena, ingawa siku hizi jirani mwenyewe hutuambia tuisome tu, sisi wetu amerudi. Mama humjibu kwamba mtende hatuujui, tunaungoja tuuone pamoja.