Chukudu Iliyokataa Kuua Tajiri

Sogeeni karibu, wajukuu, na redio izimwe kwanza, maana jambo hili limenichosha.

Hapa Himbi vijana wanatengeneza filamu kutoka kitabu cha zamani cha Warusi, ila wamekihamishia Goma ya leo. Kitabuni tajiri anagongwa na gari la farasi. Farasi hatuna, basi wakamwita muzee mmoja wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ateremke mbio na mzigo wake wa viazi, amgonge tajiri.

“Muzee, usifunge frein,” mkubwa wao akamwambia, yaani asishike breki.

Muzee akaweka kiganja juu ya usukani wa mbao. “Mama za soko wananipa viazi yao sababu nafunga frein. Wakiniona naua mutu, kesho nitabeba nini?”

“Ni mchezo tu, papa.”

“Wewe utarudi kwa kitabu yako. Miye nitabaki kwa hii barabara.”

Wakabishana mpaka jua likatuchoma sote. Nikawauliza: kati ya Warusi wote hao, hakuna hata mmoja aliyekufa kwa homa?

Basi katika filamu tajiri akafia kitandani. Mjane alirithi nyumba, ndugu wa marehemu akarithi ng'ombe. Muzee wa chukudu hakurithi kitu, ila viazi vya mama za soko bado anavibeba yeye.