Mafuta ya Kondoo Kwenye Spika

Mimi ni mtu wa kufoka, nisikudanganye. Nafokea pancha, nafokea mvua, nafokea nyani wa pale getini Ngorongoro wanaoingia kwenye gari na kubeba chakula cha watalii wangu. Sasa fikiria nilivyoteseka majuma yale ambayo mtu pekee niliyetaka kumfokea alikuwa mama mkwe wangu.

Kwanza nieleze ugonjwa wangu. Naendesha gari la watalii, na kazi hiyo inanipitisha kwenye loji za zamani na nyumba za mashamba ambazo stoo zake hazijafunguliwa tangu enzi za wakoloni. Mwenzangu akiona ampli ya kukuza sauti yenye kutu anaona takataka, mimi mate yananitoka. Nilizaliwa Oldeani, kwenye kambi ya vibarua wa kahawa, baba akiwa ametoka Singida kutafuta maisha. Nyumba ya meneja ilikuwa na mashine ya santuri, na jioni dirisha likiachwa wazi, sisi watoto tulikaa kwenye majani nje ya uzio tukisikiliza. Ile besi ilikuwa inaingia mpaka tumboni. Mpaka leo sijapona.

Kwa hiyo chumba cha nyuma cha nyumba yangu hapa Karatu kimejaa ampli za balbu za kioo, mashine za santuri, redio za mbao na waya za kila rangi. Mke wangu anakiita makaburini. Nikiingia na boksi mikononi ananiuliza, "Haya, leo unamzika nani?" Nikimwambia kwamba mimi siziki, nafufua, anaguna tu na kuendelea na mambo yake.

Fahari ya makaburi hayo ilikuwa jozi ya spika za mbao nzito, urefu wake kiunoni, nilizookoa kwenye loji moja iliyokuwa ikivunjwa. Nilizipiga msasa, nikazipaka vanishi, nikachomelea waya upya kwa risasi ya kuyeyusha. Karatasi za ndani zilikuwa nzima. Hata ile mipira inayozunguka karatasi, inayoiacha karatasi icheze muziki ukipigwa, ilikuwa imekakamaa kidogo lakini haijapasuka. Mipira ya aina hiyo haitengenezwi tena. Nilikuwa naigusa kwa pumzi tu.

Ndipo mama mkwe akaja. Alitoka Loliondo, mbele ya Wasso, siku nzima na zaidi kwenye basi la vumbi, maana macho yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Alibakiwa na mwanga na vivuli. Madaktari wa macho walitarajiwa Karatu majuma machache baadaye, wafanye upasuaji kwa wiki moja, kisha waondoke, na hakuna aliyejua watarudi lini. Daktari wa hapa hospitali aliyempima alisema wazi kwamba akichelewa, jicho la kushoto litakuwa limekwenda. Mke wangu hakulala vizuri tangu asikie maneno hayo.

Mke wangu ni Mmaasai. Kwao, mkwe wa kiume na mama wa mke hawakai pamoja, hawali pamoja, hawashikani mikono. Ni heshima, wala si ugomvi. Kwa hiyo mimi nikifika nyumbani nilikuwa nakohoa kwanza mlangoni, naye anaingia chumbani kwake anajivuta shuka usoni. Neno likihitajika linapita kwa mke wangu. Yeye Kiswahili anakielewa ila husema Kimaasai, mke wangu analigeuza, nami najibu nikiwa upande wa pili wa ukuta. Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa sijawahi kumwangalia usoni yule mama, wala yeye mimi.

Basi nikaenda safari na watalii, Serengeti huko. Kurudi, nimekohoa, nimeingia makaburini kuwasalimia wapendwa wangu. Harufu ikanipokea mlangoni. Nilidhani kuna mtu anachoma nyama. Nikagusa spika, mkono ukateleza. Jamani! Mafuta! Mafuta ya kondoo, yaliyoyeyushwa na kupakwa kwa ustadi kila mahali: kwenye mbao, kwenye ule mkanda wa mpira unaozungusha santuri, na kwenye mipira ya spika zote mbili. Mipira ilikuwa imelainika ikawa ugali. Nilipoigusa ilibaki kwenye kidole.

Mama alikuwa amechoka kukaa bure. Alikuwa anapapasa ukutani kuzoea nyumba, akafika kwenye chumba kile, mikono yake ikakuta vitu vimekauka. Kwao kitu kilichokauka, iwe mkanda, kiatu au ngozi ya kulalia, kinapakwa mafuta ya kondoo. Alikuwa na kibuyu chake alichokuja nacho. Akanifanyia wema.

Nifanye nini sasa? Kumfokea mama mkwe ni laana. Nikatoka uani, nikasimama mbele ya mparachichi, nikaufokea mti. Nilisema yote. Nilisema kuhusu watu wasioweza kuacha vitu vya watu, kuhusu nyumba isiyo na adabu, kuhusu miaka niliyotafuta spika zile. Mparachichi ulisikia, majirani walisikia, na dirisha la mama lilikuwa wazi.

Alipokuja mke wangu uani macho yalikuwa mekundu. "Hongera," aliniambia. "Mama anafunga mzigo. Kesho anapanda basi la Wasso."

"Na macho yake?"

"Anasema tangu mwanzo hakutaka kisu kwenye jicho. Alikuwa anatafuta sababu, na wewe baba watoto umempa."

Nikajisikia mdogo, mdogo kabisa. Ni spika! Mbao na karatasi! Yule mama alikuwa anaenda kupofuka kwa sababu ya mbao na karatasi. Nilitamani niingie chumbani nimpigie magoti, lakini hilo nalo lingekuwa kosa jingine kubwa zaidi. Mke wangu akasema hawezi kwenda kubembeleza kwa ajili ya mdomo wangu, nitafute mwenyewe la kusema.

Nilichokuwa nacho ni kitu kimoja tu. Mzee mmoja fundi wa Arusha aliwahi kuniambia kwamba zamani, kabla ya mipira hii, spika zilizungushiwa ngozi laini. Sikuwahi kujaribu. Nikaenda nikasimama nyuma ya ukuta wa chumba chake, nikakohoa.

"Mwambie mama," nilimwambia mke wangu kwa sauti ya kusikika, "mpira umekufa, na hata bila mafuta ungekufa. Mwambie nahitaji ngozi ya mbuzi. Iwe nyembamba, icheze kama kope. Mimi siwezi kuitengeneza. Nani atanitengenezea ngozi hiyo, yeye akiondoka?"

Nikasikia begi likiburutwa. Halafu sauti ya mama, neno moja moja, na mke wangu akalileta: "Anauliza, mbuzi wa umri gani?"

Nilikimbia sokoni kama kichaa.

Ngozi ya kwanza aliiondoa manyoya na kuikwangua akiwa amekaa mlangoni kwake, akiipima kwa midomo, si kwa vidole, alivyonisimulia mke wangu. Ikapasuka. Akatukana kwa Kimaasai, mke wangu akakataa kutafsiri. Aisee, nilifurahi: kumbe na yeye ni mtu wa kufoka! Ya pili ilikuwa nene, nikaibandika, spika ikatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Nikaibandua. Basi la Wasso lilipita asubuhi hata asiulize. Kila jioni nikirudi kazini nilikohoa, nikakuta kipande kipya kimewekwa kwenye kiti nje ya chumba, kimekunjwa vizuri, na mafuta yamekauka humo kiasi kile kile kinachotakiwa.

Mafuta yaliyobaki niliyafuta kwenye karatasi kwa spiriti na pamba, kidogo kidogo, nikiuma ulimi nisitukane. Mkanda wa santuri nikaukata kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Mke wangu alikuwa anapita mlangoni na kusema, "Leo marehemu anaendeleaje?" lakini alikuwa anacheka, na alikuwa ameanza kulala.

Siku moja kabla ya zamu ya mama hospitalini, nikawasha. Balbu zikapata joto taratibu, nikaweka santuri ya dansi ya zamani, nikashusha sindano. Mwanzo mikwaruzo. Kisha gitaa likaingia, halafu besi, nyororo, pana, ikatoka kwenye ngozi ya mbuzi wa soko la Karatu na kuja mpaka tumboni. Wallahi nililia. Mtu mzima, dereva, nalia mbele ya spika!

Kutoka upande wa pili wa ukuta likaja swali. Mke wangu akalileta: "Anauliza, ile ngozi uliikata na nini?"

"Wembe," nilisema.

Swali jingine. "Anauliza, mkono wako ulitetemeka?"

Nikafikiri nidanganye. "Ulitetemeka sana," nilisema. "Nilikata hivyo hivyo."

Santuri ikaisha upande mmoja, mke wangu akaigeuza mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Wimbo wa pili ulipokuwa katikati, sauti ilisikika tena, fupi. Mke wangu alikaa chini sakafuni kabla ya kunieleza.

"Anasema kesho tuondoke mapema, asije akakuta foleni."

Wakampasua jicho la kushoto kwanza, siku chache baadaye la kulia. Mimi nilikuwa dereva tu, napeleka na kurudisha, yeye nyuma na shuka usoni, mimi mbele macho barabarani. Siku ya kufungua bandeji ya mwisho niliegesha gari chini ya miti ya hospitali nikabaki nje, karibu na dirisha. Nilisikia nesi akimwelekeza afumbue polepole. Kisha mama akaanza kutaja vitu kwa Kimaasai, maneno ambayo hata mimi nayafahamu: ukuta, mlango, mtoto wake. Mke wangu analia, nesi anacheka.

Halafu mama akageukia dirishani. Nilipaswa kuondoka. Nikabaki pale pale. Alikuwa na uso mwembamba, wenye mikunjo, na macho yake mawili, masafi, yalikuwa yakinitazama mimi.

Alisema kitu. Mke wangu alipasuka kicheko mpaka akashika kitanda.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anasema miaka yote hii alidhani amemwoza binti yake kwa mtu mrefu."

Mama alishika ncha ya shuka ajifunike, kama inavyotakiwa. Lakini mkono wake ulisimama hapo hapo begani, haukuvuta, naye akaendelea kunitazama. Nami nikanyoosha mgongo, nikasimama wima dirishani, ili anione vizuri.