Dobi Aliyewekeza Bega Lake kwenye Mifuko Inayooza

Kibao cha mlangoni bado kimegeuziwa ndani, lakini shati la kwanza la siku limekwisha kunyooka. Mwanamke aliyefunga kitambaa cha samawati kichwani analitundika kwenye waya unaokatiza chumba, anagusa kola yake kwa mgongo wa kiganja kama mzazi anayepima homa ya mtoto, kisha analiacha lining'inie. La pili linapanda mezani. Karibu na kiwiko chake lipo bunda la mifuko yenye rangi ya chai ya maziwa, laini, isiyong'aa. Hagusi hata mmoja.

"Bado lina joto," anasema bila kugeuka. "Likiingia mfukoni hivi hivi, tutaonana wabaya."

Mtaani wanamwita Mama Pasi, na wapo wateja wa miaka mingi wasiojua kwamba ana jina jingine. Chumba chake kimebanwa kati ya duka la dawa na kinyozi, na ndani yake amefua na kunyoosha nguo za watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku njema hupiga pasi mashati thelathini hadi arobaini. Msimu wa mvua, nguo zinapogoma kukauka, hesabu hiyo hushuka hadi nusu, lakini kodi ya chumba haishuki nayo.

Kinachobaki baada ya kodi, mkaa, umeme na sabuni, hukimega sehemu ya kumi na kuipeleka kwenye kikundi cha watu tisa, majirani wa kazi, ambao miaka mitatu iliyopita walifanya jambo lililowashangaza hata wenzi wao wa ndoa. Badala ya kununua kiwanja au viti vya kukodisha, walinunua hisa katika kampuni changa inayotengeneza vifungashio kwa wanga wa mihogo na maganda ya mahindi. Ni mifuko, trei na vikasha ambavyo ukivifukia udongoni, baada ya miezi michache hupati cha kufukua.

Wengine walihitaji kushawishiwa. Yeye hakuhitaji.

"Mimi nimeishi na wanga," anaeleza, akiivuta kola ya shati ikae sawa. "Ninaupika mwenyewe, ninaupaka kwenye kola, ninaona unavyoshika na unavyoachia. Waliponiambia kuna watu wanatengeneza mfuko kwa wanga, nikasema hao ni ndugu zangu."

Undugu huo ndio uliomponza. Kwa miaka yote alikuwa na mazoea ya kuitoa nguo mezani na kuitia moja kwa moja kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu wateja hupenda kupokea nguo yenye uvuguvugu. Mifuko mipya ilipofika, aliitendea vivyo hivyo. Nguo ya kwanza kuingia ilikuwa koti jeusi la bwana harusi, zito, lililonyonya mvuke hadi kwenye bitana. Mwenyewe alipokuja kulichukua, mfuko ulikuwa umelainika na kulishika koti kama utando unavyoshika maziwa yaliyochemka.

Kulibandua kwa kitambaa chenye maji kulichukua saa kadhaa, na wakati wote huo bwana harusi alikuwa amekaa dukani kwa fulana, akipokea simu za shangazi zake.

Kisa hicho hakimsumbui tena, ingawa yupo mtu anayehakikisha hakisahauliki. Mshona viatu wa ng'ambo ya barabara, anayejulikana kwa jina la Fundi Soli, ni mwanakikundi mwenzake na rafiki wa mume wake, na kwa hiyo humwita shemeji, cheo anachokitumia kama leseni ya utani. Kila akisimulia habari ya koti, mfuko huwa umekwenda hatua moja mbele.

"Siku hizi amefika mahali bwana harusi alifunga ndoa akiwa ndani ya mfuko," anasema Mama Pasi. "Namngojea amalize, niulize walipata watoto wangapi."

Siku ile hakuwa na hamu ya utani. Aliipigia simu kampuni na kusema maneno ambayo anaomba yasiandikwe gazetini. Alitegemea kuombwa radhi na kusahauliwa. Badala yake, wiki hiyo hiyo alikuja mtaalamu wao, mama wa makamo mwenye miwani, akasimama kando ya meza ya pasi tangu asubuhi mpaka kufunga duka, miwani ikiingia ukungu, akiuliza na kushika kila nguo. Mzigo uliofuata wa mifuko ulikuja na matundu madogo sehemu ya mabegani, pamoja na maandishi yanayomwomba mtumiaji aiache nguo ipoe kwanza.

Leo kampuni hiyo imefika njia panda, na kikundi pamoja nayo. Maduka ya dawa na maduka makubwa yanataka mifuko mingi kuliko mitambo iliyopo inavyoweza kutoa. Amepatikana mwekezaji mkubwa aliye tayari kuleta mitambo mipya, naye ametoa nafasi kwa wanahisa wadogo: anayetaka kuondoka atanunuliwa hisa zake kwa bei ya mara moja na nusu ya aliyoingilia, anayebaki asitarajie gawio kwa miaka minne, kwa kuwa faida yote itarudi kiwandani. Na kwa sababu hisa zimeandikwa kwa jina la kikundi, kikundi kilitakiwa kutoa jibu moja.

Kwa Mama Pasi, jibu hilo lilikuwa na uzito wa pasi ya mkaa. Bega lake la kulia limechakaa. Daktari amemwambia waziwazi kwamba akiendelea kuinua chuma hicho kila siku, utafika wakati mkono hautapanda tena. Dawa ya kudumu ni mashine ya mvuke inayokandamizwa kwa mguu, na sehemu yake ya mauzo ya hisa ingetosha kuinunua, ikiwa mpya, bila kubaki chenji. Mtaani, jambo hilo lilijulikana kwa watu wawili tu, yeye na mumewe.

"Bega lilikuwa linasema uza," anakumbuka. "Lakini moyo wangu ulikuwa unaona maghala. Nilikuwa naiona mifuko yetu kwenye kila duka la mji huu."

Mkutano ulifanyika Jumapili alasiri, dukani kwake, meza ya pasi ikiwa imesukumwa ukutani. Kikundi kina utaratibu wake usio wa kawaida. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye bado husahihisha mabango ya barabarani kwa sauti, aliuanzisha baada ya siku moja walipokaribia kununua banda la kuku lisilokuwapo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akikubaliana na mwenzake. Tangu hapo, chumbani huwekwa mabenchi mawili: la dirishani ni la wanaotaka kubaki, la mlangoni ni la wanaotaka kuondoka. Wakishakaa, Mwalimu hupiga kofi moja, nao hubadilishana. Kila mtu hutetea upande asioutaka, na sharti ni moja: alete neno la kweli linalomhusu yeye, si la kuokoteza.

Kofi lilipopigwa, Mama Pasi aliondoka dirishani na Fundi Soli akaondoka mlangoni.

"Karibu kwangu, shemeji," alisema Fundi Soli walipopishana. "Benchi nimekupashia moto."

"Nitaliacha lipoe kwanza. Nimeshafundishwa."

Wifi yake, dada wa mumewe, anayeuza mayai sokoni, ndiye aliyetangulia kusema. Alikuwa shabiki mkubwa wa kampuni, na ilionekana wazi kwamba kuisema vibaya kunamchoma.

"Haya, nasema kwa sababu nimelazimishwa," alianza. "Zile trei zao mvua ikizinyeshea zinanywea kama mkate kwenye chai. Juzi nimebeba mayai kwenye trei, nikafika nayo kwenye kanga."

"Na kanga haikuoza?" aliuliza Fundi Soli.

"Kanga ni ya pamba, Fundi. Kinachooza ni utani wako."

Zamu ya Mama Pasi ilipofika, alianza na mambo makubwa: bei ya mihogo inayopanda na kushuka, mitambo inayotoka mbali, washindani wanaouza plastiki kwa bei ya kutupa. Mwalimu alimsikiliza kwa adabu, kisha akainua kidole.

"Mama, hayo hata redio inayasema. Tunakuomba la kwako."

Mama Pasi aliangalia waya mtupu uliokatiza chumba. Kisha, badala ya kusema, aliinua mkono wa kulia polepole, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Ulipofika usawa wa sikio ulikoma.

"Unaishia hapa," alisema. "Kuna mashine ambayo ingenipumzisha. Tukiuza leo, ninaipata. Tukibaki, sijui huu mkono utaningoja miaka minne. Hilo ndilo la kwangu."

Wifi yake alikuwa wa kwanza kusema, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

"Kumbe ndiyo maana unachana nywele kwa kushoto. Mimi nikadhani umeanza maringo."

Fundi Soli, ambaye sasa alipaswa kuitetea kampuni aliyoikejeli kwa miaka mitatu, alivua kofia na kuiweka gotini.

"Nilikuja na maneno ya kuchekesha," alisema. "Sasa hayafai. Nitasema lililobaki. Soli na gundi nanunua kwa kampuni moja tangu nilipoanza kazi. Kila mwaka nawaambia gundi yenu inaachia, na kila mwaka wananiambia pole. Hawa wa mifuko, shemeji aliwatolea maneno ambayo mimi mwenyewe siwezi kuyasema, wakaleta mtu akasimama pale, kwenye joto la pasi, kutwa nzima. Kisha mfuko ukarudi umetobolewa matundu. Mnajua siipendi hii kampuni. Lakini mkiniuliza nani atakuwepo baada ya miaka kumi, nitamtaja aliyekuja kuangalia alipokosea."

Kura za kikundi hupigwa kwa vifungo. Udobi humwachia Mama Pasi vifungo vingi visivyo na mwenyewe, na kutoka kwenye kopo lake kila mtu huchukua viwili: cheupe cha kubaki, cheusi cha kuondoka. Kimoja hutumbukizwa kwenye bakuli lililofunikwa, kingine hurudishwa koponi kwa kificho. Bakuli lilipofunuliwa, vyeupe vilikuwa saba.

"Cheusi kimoja ni changu, sioni sababu ya kuficha," alisema Mwalimu. "Kwa umri wangu, miaka minne ni mashauri mazito. Ila nimeshindwa kihalali, na mimi ni wa kikundi."

Mama Pasi alikuwa amepiga kura ya kubaki, huku bega likimuuma. Alikuwa amesimama kurudisha meza mahali pake wifi yake alipomshika mkono.

"Katiba inaturuhusu kuuziana wenyewe kwa wenyewe. Niuzie nusu ya sehemu yako, kwa bei ya huyo tajiri."

"Sitaki sadaka, wifi."

"Nani kakupa sadaka? Nakununua rahisi. Hizi hisa zikipanda utalia mbele yangu, nami nitakupa leso."

Ikabainika kwamba fedha hizo alikuwa akiziweka kwa ajili ya friji. Alipoulizwa mayai yatakuwaje, alijibu kwamba mayai hayajawahi kulalamika. Aliyekuwa akitaka maji baridi ni yeye.

Nusu hiyo haikutosha mashine mpya. Ilitosha ile iliyotumika, inayouzwa na nyumba ya wageni iliyofunga chumba chake cha kufulia. Fundi Soli alikwenda kuikagua, akarudi na habari kwamba chuma ni kizima na kilichokufa ni mkanda wa ngozi wa kwenye kanyagio, jambo alilolieleza kwa furaha ya mtu aliyekutana na kiatu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kushona.

Mashine inategemewa kuletwa wiki ijayo. Nafasi yake imekwisha kusafishwa karibu na mlango, pale lilipokuwa benchi la wanaotaka kuondoka, ambalo sasa limehamia kwa kinyozi. Kikundi kimeamua kwamba kuanzia mkutano ujao wanaotaka kuuza watatoa hoja zao wakiwa wamesimama.

Mipango ya Mama Pasi haina haya. Gawio la kwanza likitoka, anataka kukodi chumba cha pili na kuwafundisha kazi akina mama wawili, wote wakitumia mashine za kukanyaga, ili asitokee mwingine wa kuachana na bega lake. Anaamini kampuni itafika. Anazungumzia mitambo mipya kama mtu anayezungumzia wageni waliokwisha kupiga simu kwamba wako njiani.

Na isipofika?

"Nitakuwa na bega," anasema, "na wifi ambaye sitamruhusu kulala kwa kumkumbusha bei aliyonunulia."

Mlangoni amesimama mwanamume aliyevaa viatu vilivyong'aa na fulana, akitazama saa. Amefuata shati lake, lile la kwanza. Mama Pasi ananyoosha mkono wa kushoto, anagusa kola kwa mgongo wa kiganja, anatikisa kichwa.

"Bado."

"Mama, nimechelewa kazini."

"Likipoa utalipata, na litakaa vizuri mpaka jioni. Keti, baba."

Mteja anaangaza chumbani akitafuta pa kukaa. Limebaki benchi moja tu, la dirishani. Anakwenda, anakaa.