Jani la Sale Uani Kwetu

Nilikuwa bado mtoto, nikiishi kwa bibi huko Kikwe, mama yangu mdogo Anaeli alipoacha kulala. Alikuwa amezika mtoto. Bibi akampeleka kwa mganga wa kike aliyetibu watu wa namna hiyo kwa dawa na kwa kukaa nao wakizungumza, na nafuu ikaanza kuonekana. Kisha tukasikia sokoni mambo ambayo Anaeli alimwambia mganga peke yake. Hakurudi tena kule. Akaacha na kula.

Asubuhi moja mganga akasimama uani ameshika jani la sale, lile refu tunalopanda mipakani. Kwetu ndivyo msamaha unavyoombwa, na tuliamini anayelikataa mifugo yake hufa. Nilimtazama ndama wetu nikaogopa, maana Anaeli hakunyoosha mkono.

"Nikipokea, mama, nitakuwa nimefungwa mdomo," alimwambia bibi.

"Nani kakuambia? Pokea, halafu sema. Aliyeleta haondoki mpaka umalize."

Akapokea. Akasema mpaka uji ukaganda sufuriani. Mganga hakujitetea hata kidogo, alikiri tu kwamba alitoa siri na alikosea. Jioni Anaeli aliomba bakuli la loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando, akalimaliza. Ndama naye alipona, ingawa hakuwa mgonjwa.

Sasa naishi mjini, mtaa wa Sakina, na binti yangu Neema, ambaye mwaka huu tulikuwa tunampeleka kwa mshauri wa afya ya akili. Mshauri akaniambia jambo ambalo Neema alimwomba asiniambie. Neema akagoma kwenda, akarudi kujifungia chumbani kama zamani. Mshauri alipoomba kuja nyumbani, Neema alisema huyo anakuja kujitetea tu.

"Akija, mwambie yote," nilimjibu. "Mimi sitaingilia."

Yule dada mshauri ni wa Mtwara, sale halijui. Alikuja mikono mitupu. Neema hata shikamoo hakutoa.

"Neema, nilimwambia mama bila kukuuliza. Nilikosea. Niambie nilivyokuumiza."

Nikatoka kuanua nguo. Dirishani nilisikia sauti ya binti yangu ikipanda, muda mrefu, na ya mgeni haikusikika kabisa.

Habari za mifugo kufa siziamini tena. Sina hata kuku. Lakini maneno ya bibi, kwamba aliyeleta haondoki mpaka umalize, hayo nayaamini. Neema alipomuuliza mshauri kama Alhamisi kuna nafasi, nilikaa kwenye ngazi na nguo zote mapajani, nikaanza kuzikunja kwa furaha.