Jalada la Marehemu Omollo

Obuya alilala chini ya taa ya daktari pale Parklands, kope zimebanwa zisifumbe, akiwaza jambo moja tu. Jicho hili likikataa, kazi ya kutengeneza programu za mazishi, vile vijitabu vya ibada, kwa wachapaji wa River Road imekwisha, na nyingine hakuwa nayo.

Mambo yalikuwa yameharibika mwezi uliopita. Familia moja ilimletea picha ya marehemu Omollo akiwa na mdogo wake Zedekiah, ikamwonyesha kwa kidole uso wa kuwekwa jaladani. Alipokaa kwenye kompyuta, kila uso ulikuwa na kivuli chake, kama nyuso mbili zilizopandana. Akaona aibu kuwauliza tena. Alisugua macho, kama kawaida yake, akachagua. Basi la msiba lilikuwa linangoja, mabunda yakachukuliwa bila kukaguliwa. Kanisani, mjane akapewa programu yenye Zedekiah akitabasamu juu ya maneno "Pumzika kwa Amani", na Zedekiah mwenyewe ameketi mbele, mzima wa afya.

River Road nzima ilicheka. Obuya akajitetea kwamba ndugu hao walifanana mno, hata mama yao angekosea. Muthoni, mwenye duka la uchapaji alikofanya kazi, akakubali kwamba kweli walifanana, kisha akamwambia aende hospitali. Obuya alikuwa mbishi ajabu! Miaka yote alikuwa amelaumu skrini, balbu, hata wino. Daktari alilaumu jicho. Konea, kile kioo laini cha mbele, ilikuwa imekonda na kuchongoka, na kuisugua kulizidisha ubaya huo. Angeiingizia vipande vyembamba vya plastiki, vilivyopinda kama ukucha, viishike.

"Angalia taa tu," daktari alisema. "Usisonge."

Taa zikawa mbili, zikawa tatu, zikageuka ukungu. Kitu kilisukuma ndani ya jicho bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alikamata shuka kwa mikono miwili, akamwomba Mungu asikohoe.

Muthoni ndiye aliyemsindikiza siku ya kurudi kuangaliwa. Daktari aliondoa lenzi laini aliyokuwa ameiweka kufunika kidonda, akamwelekeza kwenye herufi za ukutani. Hazikuwa wazi sana, lakini kila moja ilikuwa moja. Daktari alifurahi. Obuya alikuwa ameshatia mkono mfukoni, akatoa programu ile, iliyokunjwa mara nne.

Jaladani, Zedekiah alikuwa na mashavu manene na ndevu tele. Akafungua ndani, penye picha nzima. Omollo alisimama pembeni, mwembamba, mwenye kipara na miwani mikubwa.

"Hawafanani," alisema.

Muthoni aliinamisha kichwa. "Hata kidogo. Sasa ningekuambia aje?"

Obuya akamfikiria yule mjane, jinsi alivyoupokea uso ule kwa mikono miwili. Uchungu ukampanda, machozi yakamjaa. Mikono ikainuka yenyewe kwenda machoni. Akaikumbuka konea, akaishusha mikono, akaikalia, na machozi akayaacha yashuke.